Mlango wa Siku ya Alimpije

Kri. Kri. Kri.

Hapo ndipo tulipomwacha Mzee Milun wiki iliyopita, wasomaji wangu. Alikuwa amechuchumaa gizani kwenye korido ya bweni la kiwanda cha nguo, nondo mkononi, sikio limebanwa kwenye mlango wa Bibi Stamena. Jogoo wa mji wa Jasenik walikuwa bado wamelala, na ndani ya chumba kile kitu fulani kilikuwa kinakereza chuma.

Kri. Kri.

"Wanakata kitasa kutokea dirishani," alijisemea Milun, na nywele zikamsimama.

Alikivuta kando kitanda cha chuma alichokiweka kuziba mlango, kitanda ambacho ndicho alicholalia tangu watu wa kamati walipoanza kulinda. Akaupiga mlango kwa ngumi.

"Bibi! Bibi Stamena! U mzima?"

Sauti ikakoma. Nyayo. Kitasa kikazunguka. Bibi Stamena akatokea na aproni yake, taa nyuma yake, mikono imejaa unga.

"Milun, mbona unapiga kelele kama mbuzi? Watu wamelala."

"Watu gani? Jengo zima tumebaki wewe, mimi na panya!"

"Basi panya nao walale."

Milun alichungulia ndani. Dirisha lilikuwa zima. Mezani ilikuwa imefungwa mashine ya mkono ya kusagia nyama, na kando yake, juu ya kitambaa cheupe, ngano iliyochemshwa ilikuwa imetandazwa ikauke. Bibi alikuwa anaisaga. Nondo ikamponyoka Milun ikaanguka sakafuni.

"Usiniambie leo ni Alimpije."

"Leo ni Mtakatifu Alimpije," alisema Bibi Stamena. "Slava yangu."

Milun alijishika kichwa. Katika siku zote za mwaka!

"Bibi, mwaka huu ungeiruka tu. Mtakatifu ataelewa."

"Nilipokuwa mfumaji kiwandani sikuiruka. Wakati wa vita sikuiruka. Niiruke kwa sababu ya dalali anayetaka kunitoa?" Kisha akaitazama miguu ya Milun. "Soksi zimelowa hizo. Vua. Kuna za marehemu mume wangu, zimekaa karibu na jiko, zina joto."

Milun alivua. Mtu mzima, fundi wa zamani wa boila, alikaa kwenye kigoda akavalishwa soksi na bibi kizee. Kwake yeye ana kitanda kizuri na blanketi la manyoya, na tangu ulinzi uanze hajakilalia.

Kulipopambazuka alifika Vukica, mbio, pumzi juu, mkate wa moto chini ya koti. Huyu ndiye aliyeanzisha kamati. Ni mfanya usafi wa hospitali, ana mume na watoto wawili, na wote wanne wanalala jikoni kwa mama mkwe wake. Watoto wanajua kutandika godoro kati ya jiko na kabati bila kuwasha taa.

Aliiona ngano. Aliuona mshumaa mrefu kwenye kinara. Akaweka mkate taratibu kama anayeweka yai.

"Bibi, unajua leo ni siku gani?"

"Nawaambieni tangu alfajiri leo ni siku gani."

"Leo baraza linapiga kura! Saa sita mchana!"

Kwa msomaji aliyechelewa kuanza nasi, mambo ni haya. Kiwanda kilipokufa, bweni lake la wafanyakazi lilibaki na vyumba chungu nzima na wapangaji wachache wazee. Mnunuzi mmoja analitaka avunje ajenge hoteli. Kamati ya Vukica imehangaika, imebisha kila mlango wa mji huu, mpaka madiwani wamekubali kupiga kura ya kuligeuza kuwa nyumba za kodi nafuu, kwa watu kama Vukica. Ila waliweka sharti moja. Siku ya kura jengo liwe bado na mpangaji halali ndani yake. Likiwa tupu, ni la mnunuzi.

Wapangaji wengine walihama mmoja mmoja. Amebaki Bibi Stamena.

Polisi walikuwa wamesema hawatauvunja mlango wa bibi mzee kabla ya kura. Lakini dalali wa mahakama akifunguliwa kwa hiari, akavuka kizingiti, akaliarifu baraza kwamba yumo ndani, basi kwa sheria chumba kimeshakabidhiwa na jengo ni tupu. Kazi yote ya kamati ilikuwa moja tu, mlango ule ubaki umefungwa mpaka saa sita.

"Bibi," alisema Vukica, "leo mlango usifunguliwe hata kwa malaika."

"Binti yangu, leo mlango haufungwi hata kwa shetani."

Na ndivyo tulivyolelewa wote. Siku ya slava, siku ya mtakatifu wa nyumba, haalikwi mtu na harudishwi mtu. Anayekuja amekuja. Unampa kijiko cha ngano, unampa kiti.

Vukica aliketi kwenye kitanda cha Milun. "Mpaka saa sita tu, bibi. Baada ya hapo fungua mpaka madirisha."

"Wageni wa slava huja asubuhi. Nikifunga asubuhi, nimefunga."

"Nakuomba."

Bibi Stamena alimtazama. Akakaa karibu naye, akaupangusa unga uliomwangukia Vukica begani.

"Wewe jaza watu kwenye korido," alisema. "Mlango wangu uwe wazi, nyie muwe ukuta. Mgeni mnayemfahamu mpisheni. Nami sitakuwa nimefunga."

Vukica akafikiri. Akainuka, akaanza kupiga simu.

Saa tatu korido ilikuwa imejaa. Wafumaji wa zamani wamekuja na makoti yao ya mtumba, walimu wawili, mwokaji na mkewe, kina mama wenye watoto mgongoni. Hawakuja mikono mitupu. Mmoja alileta maharage kwenye chungu amekifunga kwa shuka. Na Borivoje, aliyekuwa mpangaji wa ghorofa ya chini kabla ya kuhama, ambaye hajasemezana na Bibi Stamena tangu ugomvi wa bomba la maji, alileta samaki mkubwa kwenye ndoo, akaiweka kizingitini, akageuka kuondoka.

"Borivoje," bibi aliita, "ukiondoka kabla ya kula, nitalivunja lile bomba tena."

"Kwa hiyo unakiri ulilivunja wewe!"

"Kaa chini ule."

Watu wakacheka. Wakajipanga bega kwa bega kuanzia ngazi hadi mlangoni, na mizaha ikaanza ili kusahau baridi.

"Mtakatifu wenyewe huyu Alimpije hakuwa na nyumba," alisema Milun. "Aliishi juu ya nguzo."

"Na kodi hakulipa," akadakia mwokaji.

"Ndiyo maana akawa mtakatifu!"

Kicheko kilikuwa hakijaisha waliposikia viatu kwenye ngazi.

Vilikuwa viatu vya mtu mmoja. Vilipanda polepole, vikasimama, vikapanda tena. Kisha kikatokea kichwa chenye kofia ya manyoya.

Alikuwa dalali. Radisav Petronić mwenyewe, bila polisi, bila fundi wa vitasa. Amenyoa ndevu. Amevaa koti la Jumapili. Begi lake la kazi linaning'inia begani, na mikononi ana chupa ya divai nyekundu na chungwa moja.

"Umekosea mlango, bwana," alisema mwokaji. "Mazishi yako mtaa wa pili."

"Ona shati lilivyo safi!" alipaza sauti mama mmoja. "Roho ameiacha kwa dobi."

Radisav alivua kofia.

"Nani huyo?" sauti ya Bibi Stamena ilitoka ndani.

Mwokaji na mkewe walitazamana.

"Nimeuliza ni nani."

"Hakuna mtu, bibi," alisema Milun. "Ni dalali."

"Anataka nini?"

Radisav akakohoa. "Heri ya slava, mwenye nyumba. Nimekuja kukutakia heri. Ukinikaribisha."

Korido ilivuma kama mzinga uliopigwa teke. Mtego! Mtupeni ngazini! Vukica alikwishafika mlangoni, ameinyoosha mikono yote miwili, mmoja kwenye kila upande wa fremu.

"Bibi, akivuka hapa tumekwisha."

"Vukica, ondoka mlangoni. Unamzibia mgeni."

"Huyu si mgeni!"

"Ana nini mikononi?"

Vukica alitazama, ingawa alishaona. "Divai," alisema kwa sauti ndogo. "Na chungwa."

"Basi ni mgeni."

Hapo Radisav alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alilivua begi begani akampa Milun.

"Shika wewe, mzee. Kazi yangu yote imo humo. Nikitoka utanipa."

Milun alilipokea kabla hajajua kama anataka kulipokea.

Nimelifikiria sana hili, wasomaji wangu. Angekuja na polisi, watu wale wangemzuia mpaka kesho yake. Angekuja na matusi, wangemrudisha na matusi mazuri zaidi. Lakini alikuja amevua kofia, ana divai na chungwa, na hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye korido ile ambaye mama yake alimfundisha namna ya kumzuia mgeni wa hivyo. Waliangalia viatu vyao. Wakasogea. Borivoje akasogea, mwokaji akasogea, mkewe akamvuta mtoto kando.

Vukica ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alishusha mkono mmoja. Alikaa na ule wa pili muda mrefu sana. Kisha akaushusha nao.

Dalali akavuka kizingiti.

Mshumaa ulikuwa unawaka mezani. Radisav alifanya ishara ya msalaba, akachukua kijiko, akachota ngano iliyochanganywa na sukari na jozi, akaitia mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Umetia ganda la limau," alisema.

"Kidogo."

"Mama yangu alikuwa akitia."

"Slava yenu ni ipi?"

"Hii hii. Alimpije." Alimeza. "Alipofariki, kaka yangu akabaki na nyumba, na mtakatifu akabaki naye humo. Hatusemezani. Sijaonja ngano hii tangu mazishi."

Bibi Stamena alimwondoa Milun, aliyekuwa ameingia na begi, kwenye kiti cha karibu na jiko, kile cha joto, akamkalisha Radisav. Akamjazia sahani maharage na samaki wa Borivoje.

"Samaki wangu!" alinong'ona Borivoje mlangoni. "Nimemkamata usiku kucha kwa ajili ya yule?"

"Nyamaza, nawe njoo ule," alisema bibi.

Waliingia mmoja mmoja, walioweza kuenea. Vukica alisimama ukutani, hakukaa.

"Niambie kitu kimoja, bwana dalali," alisema. "Umekuja kama mgeni au kama dalali?"

Radisav aliweka uma chini.

"Sijui, dada. Wakati napanda ngazi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo."

"Mpaka saa sita. Hatukuombi zaidi. Kaa hapo, kula, ongezewa, kula tena."

"Naweza kula tena," alisema Radisav, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Jamani! Mngeziona nyuso zile. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano imepita. Milun alikuwa amelipakata begi la dalali kama mtoto mchanga. Mke wa mwokaji alikata mkate. Hata Vukica alijivuta kutoka ukutani, akaifungua ile divai, akammiminia mtu aliyekuwa adui yake asubuhi ile. Nadhani alikuwa ameanza kuamini. Nadhani alikuwa tayari ameshawaona wanawe katika chumba chenye dirisha.

Simu ikalia.

Ililia ndani ya koti la Jumapili. Radisav aliitoa, akaitazama.

"Usipokee," alisema Vukica.

Hakupokea. Ililia mpaka ikachoka. Mtu mmoja akashusha pumzi.

Ikalia tena.

"Wakinikosa watamtuma mwenzangu," alisema Radisav. "Na yule haji na chungwa." Akaiweka sikioni.

Ilikuwa sauti ya wakili wa mnunuzi, kubwa, na chumba kilikuwa kimya mno, kila mtu aliisikia.

"Radisav! Madiwani wanaingia ukumbini. Umeshaingia kwa yule bibi, au hujaingia?"

"Sema uko ngazini," alinong'ona Milun.

"Sema theluji imekuziba!" alisema mwokaji.

"Sema tumekupiga," alisema Borivoje. "Tutakupiga kidogo ili isiwe uongo mtupu."

Radisav aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akamtazama Vukica, aliyekuwa ameshika chupa kifuani kwa mikono miwili. Midomo yake ikafunguka.

"Mimi bado niko..."

Alikuwa anakwenda kusema. Naamini hivyo mpaka leo. Neno "ngazini" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Msimfundishe mgeni wangu uongo mbele ya mshumaa," alisema Bibi Stamena.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku akimwongezea maharage, kama mtu anavyomwambia mtoto afute pua.

Radisav aliutazama mshumaa. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtoto aliyekutwa na mama yake.

"Niko ndani," alisema kwenye simu. "Nilifunguliwa."

"Kwa hiari yake?"

Alimtazama Bibi Stamena. Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiari yake."

Simu ikakatika.

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangepiga. Vukica aliiweka chupa mezani kwa uangalifu mkubwa, akaisogeza isiwe ukingoni.

"Lilikuwa neno moja, bibi," alisema. "Neno moja tu la uongo. Na hata halikuwa lako."

"Najua, binti yangu."

"Wanangu wangelala kwenye kitanda."

"Najua." Bibi Stamena alikuwa bado ameshika kijiko cha kupakulia, hajui akiweke wapi. "Sikufikiri. Nimewaambia watoto hivyo mezani kila mwaka, wanangu, kisha wajukuu, kabla hawajahamia ng'ambo. Lilitoka lenyewe."

Akakaa. Ghafla alionekana mdogo sana kwenye kiti chake.

Haikufika hata robo saa, simu ya Vukica ikalia. Alikuwa mwenzake wa kamati aliyeketi ukumbini kwa madiwani. Vukica alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili tatu, akakata.

"Wameliondoa," alisema. "Jengo ni tupu, hakuna cha kupigia kura. Sasa wanajadili taa za mapambo za uwanjani."

Radisav aliinuka. Alikwenda dirishani, akamwona fundi wa vitasa, ametumwa na wakili, anamsubiri chini garini.

"Siwezi kurudisha nyuma," alisema. "Lakini sianzi kazi mpaka mshumaa uzimwe. Hilo naweza."

Na alilitimiza. Alishuka akamwambia fundi alale garini. Ndiyo fadhila iliyobaki siku ile, na haikumsaidia mtu, ila naiandika kwa kuwa ilikuwepo. Wakala chakula chote. Hakuna aliyekuwa na hamu, na hakuna aliyediriki kubakiza. Giza la saa kumi lilipoanza kuingia, Bibi Stamena alisimama, akasali, akachovya mkate kwenye divai, akauzima mshumaa kwa tone la divai hiyo.

"Haya," alisema. "Tuanze na kabati, ndilo zito."

Watu wale wale waliokuwa ukuta asubuhi walijipanga tena kwenye ngazi, safari hii kupokezana vitu. Sufuria zilishuka mkono kwa mkono. Mapazia yakashuka. Picha ya harusi ilishuka imefungwa kwa sweta la mtu. Borivoje alibeba godoro peke yake mgongoni, na alipoambiwa asaidiwe alisema, "Niacheni, mimi na huyu bibi tuna kesi yetu ya bomba." Machozi yalikuwa yanamtiririka, akasingizia vumbi.

Radisav naye alibeba. Alibeba bomba la moshi la jiko, masizi yakamchafua shati lote.

Uani theluji ilikuwa inaanguka juu ya kabati, juu ya viti, juu ya bibi mwenyewe aliyekalishwa kwenye kigoda na kufunikwa makoti ya watu watatu. Juu, taa ya chumba chake ikazimika. Walisikia fundi akigongagonga kitasa kipya.

"Anakwenda wapi?" mke wa mwokaji aliuliza.

Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ya chumba chake, na wa kwake waliomo.

"Anakuja kwangu," alisema Vukica.

Bibi alimwinulia uso. "Binti yangu, mko wangapi tayari jikoni?"

"Tutabanana."

"Baada ya nilichokufanyia?"

"Nina hasira na wewe, bibi. Nitakuwa na hasira na wewe mpaka Krismasi. Lakini utaisikia hasira yangu ukiwa mahali penye joto." Akapiga magoti, akamfunga bibi vifungo vya koti la juu. "Milun, tafuta mkokoteni."

Radisav alikuwa anajipangusa masizi mikononi kwa theluji. Akasimama.

"Kwako ni wapi, dada?"

"Mtaa wa Wafinyanzi. Kwa mama mkwe wangu."

"Nyumba gani?"

"Yenye lango la kijani. Kwa nini?"

Radisav alitazama chini.

"Kwa nini, bwana dalali?"

"Mmepanga pale," alisema. "Si yenu."

"Tumepanga. Mama mkwe amekaa pale tangu ujana wake."

"Mwenye nyumba ameshauza. Kwa mnunuzi huyu huyu. Anataka mtaa mzima, magari ya hoteli yapate pa kukaa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilidhani mmeambiwa."

Vukica hakuwa amesimama. Alikuwa bado amepiga magoti kwenye theluji, kifungo cha mwisho mkononi.

"Lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Na atakayekuja ni nani?"

Radisav alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Mimi," alisema.

Fundi kule juu alikuwa ameacha kugonga. Vukica alikifunga kile kifungo. Akainuka taratibu, magoti yake meupe kwa theluji, akamsogelea mpaka pua zikakaribiana.

"Jumatatu si slava ya mtu, bwana Radisav," alisema. "Uje na divai, uje na machungwa ya bustani nzima. Mlango utakuwa umefungwa. Nami nitakuwa nyuma yake."

Radisav aliitikia kwa kichwa. Akachukua begi lake kwa Milun, akaanza kuelekea getini, mabega yameinama, masizi mgongoni.

"Mwanangu!" Bibi Stamena alimwita.

Akageuka.

Bibi alikuwa anajaribu kunyanyuka kutoka kwenye kigoda, makoti yanamwanguka, kama mwenye nyumba anavyonyanyuka kumsindikiza mgeni wa mwisho.

"Bibi, usithubutu," alisema Vukica.

"Usimsikilize huyu, ana uchungu," alisema Bibi Stamena. "Jumatatu nitakuwepo. Njoo tena."